Pole za Mimba Isiyokuwapo

Mama mkwe alijua siku zangu kuliko nilivyozijua mimi. Tuliishi uwanja mmoja huko Itiryo, kijiji cha Tarime, nyumba yake ikitazamana na yetu, bafu moja, kamba moja ya nguo. Miezi miwili ilipopita bila kuona vitambaa vyangu juani, alinizuia kisimani.

"Mwalimu, weka hiyo ndoo chini."

Aliniita Mwalimu tangu nilipoolewa. Nilikuwa nimepangiwa kazi Tarime kutoka Singida, kufundisha sayansi shule ya msingi, nikapata mume hukohuko.

Nilimwambia si mimba. Tangu ujana siku zangu zilikuwa hivyo: zinapotea miezi mitatu au minne, kisha zinarudi kwa fujo. Akacheka. Nikapima mkojo zahanati, nikamletea kipimo kilichoonyesha hakuna kitu. Akakigeuza mkononi, akakirudisha.

"Mimi nimezaa saba. Hiki kimezaa wangapi?"

Basi nikawa mjamzito. Nilikatazwa jembe, nikakatazwa kuni. Nikirudi shuleni nilikuta maziwa ya mgando na ugali wa mtama, na mama amekaa pembeni kuhakikisha nimemaliza. Nilinenepa, na kila nguo iliyonibana ikawa ushahidi wake. Chunusi zilinijaa kidevuni; akasema huyo ni wa kiume. Vinywele vilivyoota katikati ya chunusi niliving'oa kila alfajiri kwa kibanio, kabla hajatoka kunijulia hali.

Mtu anayenyanyaswa anaweza kulia, majirani wakasikia. Mimi nilikuwa natunzwa. Ningemlalamikia nani kwamba nimepewa maziwa? Usiku nilijishika tumbo, na mara nyingine, nakiri, nilianza kuamini.

Mwezi wa tano wa hiyo mimba, mume wangu alinipakia kwenye pikipiki tukaenda Tarime mjini bila kuaga. Daktari, dada mdogo kuliko mimi, alinipaka mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kifaa, akanigeuzia kioo cha mashine. Ovari zangu zilikuwa na vidoti vyeusi ukingoni, vimepangana. Akasema ni mvurugiko wa homoni, wanawake wengi wanao na wengi hawajui. Akaandika dawa ya kurudisha hedhi, na nyingine ambayo wenye kisukari pia hutumia. Akaniambia nipunguze wanga na sukari, nitembee, nilime. Nilitaka kucheka. Kila alichonishauri ndicho nilichokatazwa nyumbani.

Jioni hiyo nilimweleza mama mkwe yote, mume wangu amekaa kando yangu. Alisikiliza akiwa ameshika shavu.

"Usimwambie mtu," akasema mwishoni. "Nitawaambia mwenyewe."

Nikashukuru.

Kesho yake alasiri wanawake wanane waliingia uwanjani na uji wa ulezi. Wakaketi. "Pole, mwalimu," akasema wa kwanza. "Mungu atakupa mwingine," akasema wa pili. Ndipo nilipoelewa. Mama alikuwa amewaambia mimba imetoka.

Nilipokea bakuli. Kwa saa nzima nilipewa pole za mtoto ambaye hakuwahi kuwapo, na nikaitikia asante. Nilijiambia imekwisha, nikae kimya tu. Kisha mume wangu akaingia akisukuma pikipiki.

"Mura, kijana wangu, ulikuwa unakimbilia wapi?" mke wa mwenye mashine ya kusaga, mwenye mdomo kuliko wote, akamuuliza. "Mwenye mimba unampandisha hicho kitu? Kwa barabara hii hata trei ya mayai haifiki nzima."

Wengine wakaguna. Mume wangu alisimama ameshika usukani, hakujitetea. Niliona yuko tayari kuubeba uongo ule. Mama yake alitazama chini. Nikaona na miaka ya mbele yetu: siku zangu zitapotea tena, mimba nyingine itaonekana, itatoka, na atatafutwa wa kulaumiwa.

"Hakukuwa na mimba," nikasema.

Wote wakanigeukia. Nikaendelea polepole, kama ninavyowaeleza darasa la saba. Mwanamke ana mayai tumboni. Kila mwezi machache yanaanza kukua, moja linawapita wenzake, linatoka. Kwangu yanaanza mengi na kusimama njiani. Yai lisipotoka, siku nazo zinachelewa. Hizo chunusi na kunenepa vinaweza kuwa humohumo.

"Nani amekuroga?" akauliza mmoja wao.

"Hakuna. Sijarogwa na sijakosea mtu. Dawa haziuondoi ugonjwa huu kabisa, lakini unatulizwa."

"Kwa hiyo ni tasa," akasema mke wa mwenye mashine. Hakulisema kwa ubaya. Alitaka kujua neno lenyewe.

"Si lazima," nikasema. "Wengi wenye hali hii wanazaa, wengine kwa kutumia dawa. Mimi sijui nitakuwa yupi. Daktari hakuniahidi, na mimi siwezi kuwaahidi."

Walipoondoka waliniaga kwa mkono mmojammoja, bila pole. Mama mkwe alibaki kwenye kigoda chake.

"Umenifanya mwongo mbele ya watu."

"Samahani, mama. Nilishindwa kuendelea."

Nilijua hasira yake ni ya haki kwa upande wake; alitaka mjukuu, na alipomkosa alitaka angalau msiba.

"Sasa mwezi ujao nikiona kimya kwenye kamba, niseme nini?"

"Usiseme, mama. Niulize mimi kwanza."

"Na wewe utaniambia ukweli, hata kama ni hakuna?"

"Hata kama ni hakuna."

Akainuka kwa taabu, akikung'uta kanga. "Sitazoea haraka," akasema.

"Hata mimi," nikamjibu.