Mzigo wa Bibi wa Basi la Umeme

Nyie mnaopanda metro ya chini ya ardhi mmeinamia simu, hamjui raha wala karaha ya kusindikiza watoto shule kwa basi la umeme. Mimi ndiyo ilikuwa kazi yangu huko Guangzhou, China, na siku ya kwanza tu nusura iniue.

Nilikabidhiwa watoto sita wa wafanyabiashara wa kwetu, ambao alfajiri walishawahi madukani kwao, mtaa wa Guangyuan Xilu. Mwalimu Mkuu wa shule yao, mama wa Kitanga asiyejua mzaha, aliniambia: "Bi Rehema, wahesabu wakipanda, wahesabu wakishuka. Akipungua mmoja, usinijie hapa na maelezo."

Basi lile lilivuta umeme kwenye nyaya za juu kwa mikono miwili mirefu ya chuma iliyokaa juu ya paa. Mikono ikichomoka, basi linazima papo hapo. Siku hiyo ikachomoka kwenye kona karibu na stesheni. Dereva, ambaye abiria wote walimwita shifu, yaani fundi, akavaa glavu, akaenda nyuma kuivuta kwa kamba airudishe. Ndani joto likazidi, watu wakashuka, nasi tukashuka. Nikahesabu: watano.

"Salma yuko wapi?"

Wenzake wakatazamana. Yallah! Mtoto wa miaka saba, siku nne tu tangu atue kutoka Unguja, Kichina hajui hata neno. Nililia barabarani bila aibu, watano wameng'ang'ania gauni langu. Shifu alikuwa keshamaliza, abiria wanapanda, na nyuma basi jingine la umeme linapiga honi, maana waya ni ule ule, haliwezi kutupita. Akanitazama, akawahesabu watoto kwa kidole. Kisha, wallahi, akavuta kamba akaichomoa tena ile mikono aliyotoka kuirudisha! Abiria wakafoka. Yeye akajifanya anahangaika na glavu zake.

Mara Salma huyo anatokea kichochoroni, kashikwa mkono na bibi mmoja wa Kichina, mdomo umejaa chungwa. Nikakaa chini palepale.

"Wewe! Ulikwenda wapi?"

"Nilimpokea bibi mzigo, mwalimu. Alishuka na kapu la mboga. Mama kasema nikimwona mtu mzima ana mzigo nimpokee mpaka kwake."

Sasa hapo unamgombeza kwa lipi? Nikamkumbatia tu.

Kwa Mwalimu Mkuu nilisema kweli yote. Akasema, "Alhamdulillahi. Kesho huyo mshike mkono." Nilimshika miaka minne.

Mwaka huu nimestaafu. Watoto wengi wamepita mikononi mwangu na hakuna aliyepotea, ndiyo maana nalala usingizi wangu wote. Siku ya kurudi nyumbani, pale uwanja wa ndege wa Baiyun, dada mmoja mrefu, mfanyabiashara wa vitambaa, alinijia mbio akashika begi langu.

"Nikupokee, mwalimu."

"Pokea, Salma," nikamwambia, "ila mkono nipe."

Tukaenda hivyo, watu wazima wawili tumeshikana, mpaka kwa askari wa pasipoti. Hapo ndipo nilipomwachia.