Mshono wa Mwisho

Desmond Harker alimsomea Glenys Tuxford uongo, kisha akamwacha abebe kosa lake mbele ya watu wote. Glenys alilibeba kwa sababu ya aibu.

Kwa miaka kumi na minne Glenys alishona vitambaa vya ndege kuukuu za vita katika banda moja huko Lincolnshire. Mabawa, mikia, yote ni kitani na uzi uliopakwa nta. Ndege zenyewe zilikuwa na umri kumzidi, lakini zikitoka mikononi mwake ziliruka. Sheria ya banda ilikuwa moja: anayeshona mshono wa mwisho ndiye anayetia sahihi kwamba ndani hakuna kifaa kilichosahaulika.

Glenys hakujua kusoma. Kila mara alisema amesahau miwani. Desmond, fundi mwenzake, aling'amua mapema.

"Miwani tena, dada? Ungeifunga kwa kamba kama mbuzi," alimtania, kisha akamsomea orodha ya vifaa. Glenys akaandika jina lake, neno pekee aliloliweza.

Ijumaa ile walikuwa wakifunga mkia. Mtunza vifaa alikuwa ameandika kwenye orodha kwamba bisibisi fupi aliyoichukua Desmond haijarudi. Desmond alikuwa na haraka ya kwenda zake nyumbani, na alidhani ameiacha kwenye ovaroli ya jana.

"Vyote vimerudi," akasoma. "Tia sahihi twende zetu."

Jumapili, rubani wao, Kapteni Wray, aliirusha ndege kuijaribu. Juu ya mashamba ya viazisukari, pedali ya usukani ikakwama. Alitua upande upande, gurudumu moja likavunjika. Walipochana kitani cha mkia wakaikuta bisibisi imelala chini ya waya wa usukani.

Waliitana kwenye meza ya chai. Wray akaweka ile orodha mbele ya Glenys.

"Mama, sahihi hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Imeandikwa hapa kwamba bisibisi haijarudi. Uliisoma?"

Glenys alimtazama Desmond. Desmond alikuwa akikoroga chai ambayo hakuitia sukari. Watu tisa walikuwa wakisubiri, na neno moja tu lingemwokoa. Lakini neno hilo lingewaambia wote kwamba miaka kumi na minne ya miwani ilikuwa uongo.

"Niliisoma," akasema.

"Basi ningekufa na wewe unajua," Wray alisema polepole. Hakupandisha sauti. Glenys alivua aproni, akaikunja, akaacha sindano zake mezani.

Sasa anafanya usafi kwenye baa ya kijiji. Ndege ikipita juu hutoka na ndoo mkononi, huitazama mpaka ipotee, kisha huhisi uso ukimwaka kwa aibu, kama kwamba walio huko juu wanamwona. Desmond huja kunywa pale. Siku moja alimwambia, "Umenyamaza vizuri, dada," akamnunulia soda. Glenys aliimwaga kwenye sinki.

Desmond bado anadaiwa maneno machache, ayaseme kwenye meza ileile, Wray akiwa amekaa: mimi ndiye niliyesoma, na nilidanganya. Na Glenys naye anadaiwa na Wray, na hilo ndilo linalomnyima usingizi. Anadaiwa kumwambia kwamba sahihi zote zile, kwenye kila ndege aliyoirusha, zilitiwa na mtu asiyejua kusoma.