Mpasuaji Aliambiwa Yuko Salama

Jumapili ile wifi yangu Seluvaia alinyoosha mkono kumsalimia mchungaji, akaisalimia hewa.

Mchungaji alikuwa amesimama pembeni kidogo. Seluvaia anatabasamu na ukuta.

Kanisa likanyamaza. Sisi Watonga, watu wa visiwa vya Pasifiki, tukinyamaza kanisani, ujue kuna jambo.

Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba huyu kalewa. Shangazi wa mume wangu akakataa. Kwake yeye, marehemu mama wa Seluvaia alikuwa anasumbuliwa kaburini, pengine mzizi wa mti umegusa mifupa. Tulipotoka tu akapiga simu Tonga, kaburi likachimbwe.

Mimi nilikuwa naogopa kitu kingine.

Seluvaia ni dada wa mume wangu, Heneli. Tunaishi nyumba moja, magharibi mwa Sydney, Australia. Unene, sukari na magoti vilimtesa mpaka akakubali kupasuliwa, mfuko wa tumbo ukapunguzwa ukabaki mwembamba kama ndizi. Mpasuaji, Daktari Brennan, alifanya kazi safi. Kidonda kilipona vizuri kabisa.

Baada ya hapo hatukumwona tena. Ndivyo kliniki yake ilivyojipanga: yeye anapasua, muuguzi anafuatilia kwa simu, kukiwa na shida ndipo anaitwa.

Wifi akaanza kupungua, watu wakamsifia. Nikamtania kwamba upepo utampeperusha.

"Basi nifunge kamba kwenye uzio, wifi," akanijibu.

Ila nilikuwa namsikia bafuni akitapika. Jumapili nyama ya kwenye majani ya magimbi ikiletwa, inaogelea tui la nazi, anakula ili asiwavunjie wageni heshima, kisha anapotea. Nikamwambia aende kwa daktari. Akasema mwili unazoea tu, na kliniki wanajua kila kitu.

Kipindi hicho hicho Heneli alikuwa na simu zake za kupokelea nje, karibu na mapipa ya taka. Anaongea chini chini, anarudi ndani hanitazami usoni. Nikajua tayari kuna mwanamke. Nikakausha.

Kesho yake, baada ya ile Jumapili, Seluvaia alishindwa kutembea. Miguu ilikuwa na ganzi, macho yanachezacheza. Akaniita kwa jina la mama yake.

Hospitali, daktari kijana alimsikiliza anavyoburuta maneno, akaniuliza kuhusu pombe. Nikamweleza huyu hata bia hajawahi kuonja. Akaagiza dripu ya sukari, maana mgonjwa alikuwa hajala.

"Kwanza mpigieni aliyempasua," nikasema.

Akanieleza kwa upole kwamba kidonda kimeshapona, mpasuaji hahusiki tena. Sikubishana. Nilisimama tu kati ya kitanda na dripu, nikarudia ombi langu mpaka muuguzi mmoja akanionea huruma, akamtafuta.

Brennan aliuliza swali moja. "Anatapika?"

"Karibu kila siku, daktari. Muda mrefu sasa."

Halafu akaomba kuongea na yule kijana. Akaagiza sindano ya vitamini B1, sasa hivi, ndipo dripu ifuate. Ubongo wake ulikuwa na njaa ya vitamini hiyo. Sukari ikitangulia peke yake ingemaliza kidogo kilichobaki.

Brennan akaja mwenyewe, na matope ya bustani bado kwenye viatu. Akamkagua macho taratibu. Alipogeuka, uso ulikuwa umemshuka.

"Kila wiki muuguzi wangu aliniambia hatapiki," akasema. "Uzito unashuka vizuri, hana malalamiko."

"Nani alimwambia?" nikauliza.

Nikamwona Heneli, aliyekuwa amesimama mlangoni, anatazama sakafu.

Kumbe yule mwanamke wa kwenye mapipa ya taka alikuwa muuguzi wa kliniki. Kiingereza cha Seluvaia ni kidogo, hivyo akaandikisha namba ya kaka yake.

"Dada yako anatapika? Anapata choo? Tumbo linajaa gesi?" Heneli akasema. "Hayo ndiyo nilikuwa naulizwa. Kwetu kaka haongelei mwili wa dada yake. Hata filamu hatukai kuangalia chumba kimoja. Ningeanzaje kumuuliza?"

"Ukajibu nini?" nikamuuliza.

"Yuko salama. Nilikuwa namwona anatembea."

Nilitegemea Brennan atamlaumu. Hakumlaumu. Akavuta kiti, akakaa.

"Na mimi hilo jibu lilinitosha," akasema. "Sikuwahi kuomba niongee na yeye mwenyewe."

Seluvaia hakufa. Macho yalitulia, miguu ikarudi. Ila kumbukumbu haikurudi yote, na mpya haishiki.

Wapasuaji wengine watasema hawawezi kumfuata kila mgonjwa mpaka jikoni kwake, na sina hakika kama wanakosea. Wana wagonjwa wengi. Lakini ukishalibadilisha tumbo la mtu, msikie yeye kwa masikio yako. Na wewe uliyepasuliwa, usiache mtu mwingine akujibie hali yako, hata kama anakupenda kuliko nafsi yake.

Brennan siku hizi anapiga mwenyewe. Seluvaia anamjibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, mimi namsaidia. Anaongea naye vizuri tu, wanacheka.

Kisha anakata simu na kuniuliza, kwa woga ule ule wa kila mara:

"Wifi, wamesema nitapasuliwa lini?"