Filta ya Gari la Kaka

Kaka yangu aliniachia gari ambalo halifai Mbinga hata kidogo. Ni la spoti, la milango miwili, na limekaa chini kiasi kwamba kwenye matuta ya barabarani inabidi ulipitishe upandeupande. Majirani wanaliita bata. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na mwalimu wa huku kwetu hupanda bodaboda, au akijibana sana hununua pikipiki yake. Lakini kaka alipovuka ziwa kwenda Malawi, na kutoka huko akateremka hadi Afrika Kusini kutafuta maisha, alinikabidhi funguo akasema, "Nitunzie, mdogo wangu. Nitarudi." Mwanzoni alikuwa anapiga simu. Baadaye simu zikawa za nadra, kisha namba yake ikawa haipatikani. Nina hamu naye mno, na hamu hiyo hunishika zaidi ninapoketi kwenye kiti chake kilichobonyea kwa umbo lake.

Kabla hajaondoka alikuwa amelitoa boksi la plastiki linalofunika filta ya hewa, akafunga bomba pana na filta ya wazi, yenye umbo la koni. Ukikanyaga mafuta unasikia gari likivuta pumzi. Sisemi ile kelele ya bomba la moshi inayoudhi watu. Huu ni mngurumo mzito, wa kifuani. Mama yetu anaishi chini kabisa, kando ya ziwa, na aliujua mngurumo huo. Kaka alisikika kwenye kona za mlimani muda mrefu kabla hajaonekana, na alipofika alimkuta mama ameshatoka kumpokea.

Siku hizi ninayeteremka ni mimi. Mama bado hutoka. Husimama kando ya barabara, mkono umekinga jua, uso umechangamka kama wa msichana. Halafu mlango unafunguka, natoka mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Ananipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini kuna kitu usoni mwake kinachorudi ndani taratibu, na mimi nakiona. Nimewahi kutamani, Mungu anisamehe, kwamba siku moja anitokee mimi kwa uso ule.

Filta ile iliharibika msimu wa nkungu. Hawa ni wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kwa wingi hadi ukadhani ni moshi; upepo ukiwaleta ufukweni watu hutoka na vikapu kuwakamata, wakawakanda na kuwapika, na ni kitoweo kitamu. Nililipita wingu lao madirisha nimeyafunga, nikijiona mjanja. Nilisahau kwamba gari nalo linapumua. Nilifika kwa mama likikohoa, na nilipofungua boneti filta ilikuwa haionekani, imefunikwa na nkungu weusi tii. Nikaenda kunawa. Niliporudi nilimkuta shangazi yangu ameshaleta bakuli na kisu, anaikwangua kwa bidii, maana kwetu nkungu hawatupwi. Alipomaliza alinusa bakuli, akakunja uso.

"Hawa wananuka petroli," akasema, akawamwagia kuku. Kuku wenyewe walisita. Pamba ya filta ilikuwa imechanika vipande vipande.

Fundi wangu pale Mbinga alinipa njia mbili. Ya kwanza ni kurudisha boksi, na ndani yake filta ya karatasi: inavuta hewa ya baridi kutoka mbele, vumbi letu jekundu la kiangazi halipiti, sensa, kile kifaa kinachopima hewa ya injini, inabaki safi, na gari linanyamaza. Ya pili ni filta ya wazi kama ile ya kaka.

"Mwalimu, debe tupu haliachi kuvuma," aliniambia. "Hiyo ya wazi inavuta joto la injini, inavuta vumbi, inavuta na hao wadudu wenu. Nguvu unayoisikia ni ya masikioni tu."

Alikuwa akizungumzia injini. Mimi nilikuwa nikimfikiria mama, anayetoka mbio kumpokea mtoto asiyekuja. Nikaona ni ukatili kuendelea kumwita kwa sauti ya mwingine. Nikamwambia fundi afunge boksi. Alikuwa na moja la gari bovu. Akanifungia ili nilijaribu kwanza.

Niliteremka Jumamosi, gari kimya kama jipya. Mama nilimkuta uani, anaanika dagaa wa usipa kwenye uchanja. Alishtuka kuniona.

"Umekuja na basi?"

"Na gari, mama. Limetengenezwa, halingurumi tena. Sasa hutasumbuka kutoka nje bure."

Akaendelea kupanga samaki kwa muda. Kisha akafuta mikono kwenye kanga.

"Nani alikwambia natoka bure?"

Akanigeukia.

"Unafikiri sikujui? Kaka yako kwenye kona hagusi breki. Wewe unapunguza kila kona, unakanyaga mafuta, unapunguza tena. Nakutambua tangu juu mlimani kwamba ni wewe."

"Sasa mbona unatoka vile, mama?"

"Mngurumo ni wake, breki ni zako. Mpaka gari lifike," alisema, "mnakuwa njiani wote wawili."

Kisha akaniuliza kama nitakula ugali wa muhogo au apike wali. Nilisema muhogo. Nilikula huku nimeinama, kwa sababu sikutaka shangazi auone uso wangu aanze kuniuliza.

Jumatatu baada ya vipindi nilirudi kwa fundi, nikamwambia alitoe boksi lake, aagize ya wazi. Alinitazama kama anayemtazama mwanafunzi aliyefeli kwa makusudi.

"Utaiosha kila ukitoka ziwani," akasema.

"Nitaiosha."

"Na kuipaka mafuta."

"Nitaipaka."

Tulichagua ya pamba, ile inayooshwa na kutumika tena, na mimi mwenyewe nikakata kipande cha chandarua cha kuivisha msimu wa nkungu. Fundi alikicheka kipande kile, lakini alinionyesha namna ya kukifunga.

Filta ilipofika niliteremka tena. Kona za juu nilizipita kwa mwendo wangu wa kawaida, breki na mafuta, breki na mafuta. Nilipofika kwenye mteremko wa mwisho juu ya kijiji nikarudisha gia ya pili, nikaliacha lingurume lilivyotaka. Bodaboda zilinipita, abiria wakigeuka kunishangaa. Kule chini nikamwona mama ameshasimama kando ya barabara, mkono usoni. Nikapunguza mwendo zaidi.