Siku Niliyogoma Kuingia Ndani

Mwarobaini ukichemka hunuka uchungu. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Pua inaonja kabla ya ulimi. Juzi jirani yangu alibandika sufuria kubwa la majani hayo uani kwake, mtoto wake katokwa na vipele, na mvuke ukaingia kwa dirisha la jikoni kwangu nikiwa nachambua mchele. Nikauacha mchele. Nilikuwa tena na miaka tisa, nimesimama uani kwa mama yangu, Makorora, shavu la kushoto linaniwaka na macho yamejaa machozi niliyokataa kuyamwaga.

Nitawaeleza ilikuwaje. Ila niwaonye mapema: kama mnangoja niseme kuwa nilikuwa mtovu wa adabu na leo nimejirudi, mtangoja sana.

Mama na Baba waliachana nikiwa bado sijaanza shule. Baba alihamia Pongwe, akaoa, akawa anachoma chokaa kule kwenye matanuri. Nikimkumbuka wakati ule namkumbuka na nyusi nyeupe. Mama alibaki Makorora akikaanga bajia za asubuhi. Kutoka Makorora hadi Pongwe si safari ya kumchosha mtu, lakini wale wawili hawakusemeshana. Si kwa simu, si kwa salamu, si hata msibani. Simu walikuwa nazo wote. Namba ya Baba ilikuwemo katika simu ya Mama, kwa sababu mjomba alimlazimisha aiweke kwa ajili ya dharura, naye akaihifadhi kwa jina la USIPOKEE. Nilipojua kusoma niliiona, nikaenda kucheka peke yangu chooni.

Njia yao ilikuwa mimi, au niseme mkoba wangu. Kila likizo nilikwenda Pongwe na mkoba wa nguo, na kila likizo ikiisha nilirudi nao, na mkoba huo ndio ulioongea. Nguo zikirudi zimefuliwa na kupigwa pasi, Mama aliona mke wa Baba anajionyesha. Zikirudi chafu, aliona anadharauliwa. Mama akinitilia chupa ya achari ya maembe, Baba alijua mambo yametulia kidogo. Asiponitilia, Baba alikaa kimya jioni nzima. Watu wazima wawili, wenye akili zao timamu, wakisomana kwa magauni na chupi za mtoto. Mimi mwenye mdomo nilikatazwa kuutumia. "Ya huko yabaki huko," Mama alisema kila niliporudi. "Ya kwa mama yako sitaki kuyasikia," Baba alisema kila nilipofika. Majirani waliwasifu kwa kuachana kwa heshima. Heshima gani? Ulikuwa woga, wakauvika nguo nzuri wakautoa nje.

Likizo ninayoisema, nyumbani kwa Mama kulikuwa na mzazi. Mama mdogo Zaina, mdogo wake Mama, alikuja kujifungulia kwetu na alikuwa ndani ya arobaini yake, hatoki nje, kajitanda kanga mbili, chumba kimejaa harufu ya ubani na mafuta ya nazi. Mtoto aliitwa Yusufu. Kabla yake Mama mdogo alikuwa na mwingine, akamzika kabla arobaini haijatimia. Habari hiyo haikutajwa kwa sauti, lakini kila aliyeingia chumbani kwanza alinawa mikono, na Mama alikuwa akiamka alfajiri kusikiliza kama Yusufu anapumua. Niliondoka kwenda Pongwe nimeahidiwa kuwa nikirudi nitampakata. Likizo nzima nilifanya mazoezi kwa mto wa kitanda.

Kule Pongwe, Shebe akaugua tetekuwanga. Shebe ni mdogo wangu wa kwa baba, tulilala kitanda kimoja na tulikula sahani moja. Alianza na joto, kesho yake vipele vikamjaa tumbo zima, vingine vina maji. Mama yake alichemsha mwarobaini, akamwogesha, kisha akachukua tawi bichi akalichomeka juu ya mlango wa mbele. Kwa watu wa kule, mlango wenye tawi hauulizwi. Mwenye mimba hupita mbali, mwenye kichanga hupita mbali zaidi. Hata hivyo jirani mmoja alikuja mbio na mtoto mgongoni, hakutazama juu, na Mama Shebe akatoka na mwiko mkononi.

"Wee, usiingie na kichanga! Kwa wakubwa haya ni vipele tu. Kwa mchanga ni jambo jingine kabisa." Kisha akanitupia jicho mimi niliyekaa kizingitini nakwangua ukoko wa uji. "Na huyu naye zamu yake haiko mbali."

Ukoko ukanishinda. Nilimfuata Baba nyuma ya nyumba, alikokuwa akipaka grisi mnyororo wa baiskeli, nikamwambia, "Baba, kwetu kuna mtoto mchanga." Aliacha kupaka. Nilidhani atanyoosha mkono achukue simu iliyokuwa mfukoni mwa shati. Akarudi kwenye mnyororo.

"Mama yako ataelewa," akasema.

Asubuhi ya kurudi, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa na siku ya kunirudisha ilikuwa haivunjwi, Baba alikata tawi la mwarobaini akaliweka juu ya nguo zangu mkobani, akafunga zipu polepole. "Mkoba umpe mkononi. Usiufungue wewe." Kwa hesabu zake alikuwa kasema yote. Mwanamke wa pwani, mzazi ndani, anaona tawi la mwarobaini: aulize nini tena? Alinipakia kwenye baiskeli hadi kona ya mtaa wetu, mahali aliponiachia siku zote, akageuza bila kutazama upande wa nyumba.

Mama alikuwa na desturi yake. Mkoba kutoka Pongwe haukuingia ndani kabla haujafunguliwa uani na kila nguo kukung'utwa. Siku hiyo alifungua zipu, akaona majani, akaruka nyuma.

"Majani! Kanitilia majani! Mwanamke yule kanitilia majani nyumbani kwangu!"

Mnaona? Baba alituma ilani, Mama akapokea uchawi. Alilitoa lile tawi kwa kijiti, mkono kaunyoosha kabisa, akalitia kwenye karai, akalimwagia chumvi ya mawe na mafuta ya taa, akalichoma huku anasoma Ayatul Kursi kwa sauti iliyowatoa majirani. Kutoka ndani Mama mdogo akauliza kuna nini, dada, na Mama akamjibu, "Tulia na mwanao! Hakijaingia kitu humo ndani!" Nami nimesimama pembeni, kitu chenyewe.

Moto ulipozimika Mama alijipangusa jasho, uso ukalainika, akanigeukia kwa upole wote aliokuwa nao. "Haya mwanangu, pita ndani ukaoge. Yusufu kanenepa huyo! Njoo umpakate."

"Siingii," nikasema.

Alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Akanishika mkono kunivuta, nami nikaikumbatia nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili nikafunga vidole. Kofi likaja. Halikuwa kofi la kuchezea.

"Nani kakufundisha kunijibu? Ndiyo mafunzo ya Pongwe hayo?"

Najua mtakaloniuliza, maana kila niliyemsimulia ameniuliza. Si ungesema tu kwamba Shebe ana tetekuwanga? Ningesema, ndiyo. Na nini kingefuata? Mama angeniambia, "Kamwambie baba yako kwamba mkewe amenitumia ugonjwa." Baba naye angenijibu, "Kamwambie mama yako kwamba nilimpelekea majani akayachoma." Ningepanda na kushuka na maneno yao hadi nizeeke. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimechoka. Walisema ya huko yabaki huko, vizuri, yalibaki. Lakini miguu ilikuwa yangu, na ndani kwa Yusufu haikuingia.

"Mpigie Baba," nikamwambia. "Akwambie mwenyewe."

"Mpigie nani?"

"Baba! Unayo namba yake!"

Hapo ndipo Mama mdogo, kwa kusikia kelele, alipojitokeza kwenye mlango wa uani na Yusufu kifuani. Nilipiga ukelele sijawahi kuupiga tena. "Usitoke, Mama mdogo! Usimlete! Mrudishe!" Akasimama palepale. Mama akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akalitazama karai lenye majivu. Hasira ikamtoka usoni, na kilichobaki kilikuwa hofu tupu. Akamwambia mdogo wake arudi chumbani afunge mlango. Kisha akatoa simu kwenye pindo la kanga, akaitazama muda mrefu, ndipo akabonyeza.

Ikaita. Aliishika mbali na sikio, hata mimi nikasikia Baba alivyopokea.

"Assalamu alaykum."

Salamu ile huwezi kuiacha chini, hata kama umemchukia mtu. Mama akaitikia. "Waalaykumu salaam. Baba Mishi, mtoto kagoma kuingia ndani. Una lipi la kuniambia?"

"Majani hukuyaona?"

"Nimeyachoma."

"Umeyachoma? Shebe ana tetekuwanga, Mama Mishi. Wamelala pamoja likizo nzima."

Basi, Mama akaachia. Alimuuliza kama ulimi wake ameusahau tanurini. Alimuuliza mtu mzima mwenye ndevu anazungumzaje kwa majani. Alimuuliza kama anajua ndani kuna mtoto wa nani, na wa kwanza amezikwa wapi. Baba naye akapandisha, akasema angepiga simu ya nani, ya mwanamke asiyemtazama hata msibani? Wakagombana pale kwa sauti, kidogo kidogo ugomvi ukaanza kuwa na maswali ndani yake. Ana joto? Alikula nini asubuhi? Nani atamwogesha? Nilijiachia kwenye sakafu ya baraza, shavu linawaka, nikasikiliza. Nilikuwa na furaha, na sioni haya kusema.

Baba alirudi jioni hiyohiyo kunichukua. Safari hii alifika hadi kwenye kichochoro chetu. Mama akasimama mlangoni, wakaongea bila kutazamana sana, kuhusu maji ya kuoga na kucha zangu zikatwe nisijikune. Hazikupita siku mbili nikatokwa na vipele mwili mzima, hadi ndani ya masikio. Hebu fikirieni vingenitokea nimempakata Yusufu. Arobaini yake ilitimia nikiwa Pongwe. Wakampikia pilau, wakamtoa nje, wakampitisha nyumba kwa nyumba, na mimi sikuwepo. Nililia sana kwa hilo, nilililia pilau na nilimlilia yeye.

Kila jioni Mama alipiga simu. Jina hakulibadilisha, alikuwa akipiga kwa USIPOKEE na USIPOKEE akipokea. Nami kitandani, nimepakwa ile dawa ya rangi ya waridi, nilipanga harusi yao ya pili. Hawakurudiana. Tangu siku ile waligombana miaka yote kuhusu sare zangu, kikohozi changu, alama zangu za hesabu, na baadaye mchumba wangu. Nilidhani nimeshindwa. Ilinichukua muda kuona kwamba wenzangu wengi wa mtaani hawakuwa na watu wawili wa kuwagombania.

Lililobaki nililijua nikiwa nimeshaolewa. Nilikuwa nimekwenda kumwona Mama, tumekaa tunamenya viazi vya kachori, Yusufu ametoka kuleta mkaa na kuondoka akipiga miluzi, kijana mrefu anayeinama mlangoni. Nikamuuliza Mama, kwa utani tu, mbona siku ile aliitazama simu kama vile imemuuma. Hakucheka. Akaniambia kuwa baba yangu hakumpa talaka uso kwa uso. Alimpigia simu. Alikuwa jikoni anakaanga, akapokea, akasikia salamu, kisha akasikia talaka yake, na bajia zikaungua zote. Sauti ya Baba simuni haikuwahi kumwingia sikioni tena hadi siku niliyogoma. Baba alilijua hilo. Ndiyo maana alituma majani.

"Sasa mbona ulipiga?" nikamuuliza.

Alitupa ganda, akachukua kiazi kingine. "Si ulikataa kuingia."

Lile kofi hajawahi kuniomba radhi, na mimi sijawahi kumwomba radhi kwa "siingii" yangu. Kuna wanaosema mtoto hawaamrishi wakubwa. Mimi niliwaamrisha, na leo ningewaamrisha tena, hata ningejua simu ile ilikuwa imebeba nini. Ningemwambia vilevile, Mama, mpigie. Ila ningemshika mkono wakati inaita.