Michi Miwili, Kinu Kimoja

Nilipokuwa mtoto pale Nambambo, mwanamke mwenye mimba hakumtazama Zuhura usoni. Akikutana naye njiani alijitemea mate kifuani, akageukia porini mpaka Zuhura apite. Ilisemwa kwamba ukimtazama, mtoto aliye tumboni huchukua sura yake. Zuhura alizaliwa na uvimbe ulioanzia chini ya jicho na kuvuta mdomo upande mmoja. Hakuolewa. Hakuna aliyempa mtoto wake ampakate.

Alikuwa rafiki wa mama tangu utoto wao. Baba alikuwa aking'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, kwa hiyo kazi za nyumbani mama alisaidiana na Zuhura. Nakumbuka siku moja tulikwenda kuni, mama akasita kumwongezea mzigo. Zuhura akasema, "Weka kichwani tu, shavuni pameshajaa." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Walitwanga makopa, ile mihogo mikavu, pamoja, mmoja akishusha mchi mwingine akiinua wake. Kazi hiyo haifanyiki bila kutazamana. Ukiangalia pembeni, michi inagongana. Mama aliposhika mimba, bibi, yaani mama yake mzazi, alimwonya atwange peke yake. Mama alimsikiliza kwa adabu. Kesho yake nikasikia michi miwili kama kawaida.

Mtoto alizaliwa wakati wa kuvuna ufuta. Mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka hadi puani. Bibi alimtazama, akamfunika, akasema, "Nilikwambia, mwanangu." Hakusema kwa ukali. Mtoto hakuweza kunyonya. Mama alimkamulia maziwa kwenye kijiko, yakatokea puani. Hakufika siku ya kunyolewa nywele.

Tangu mtoto azaliwe Zuhura hakuwa amekanyaga kwetu. Siku ya msiba nilimwona amesimama nyuma ya jiko, nikamwambia mama, naye akanituma nimwite. Alikuja hadi mlangoni akaishia hapo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyemharibu mtoto, na hataki kuleta mabaya mengine.

Mama alikuwa na mtoto mapajani, bado hajaoshwa. Hakuwa akilia. Alisema, "Mama, sogea kidogo, Zuhura akae."

Bibi akasogea.

Kisha mama akamgeukia Zuhura. "Mpakate. Tulimsubiri wote wawili."

Zuhura alimpakata mpaka maji ya kumwosha yalipoletwa.

Sasa nimeolewa Nkowe. Huku nako nimeona watoto wenye midomo ya namna ile, na mama zao hawamjui Zuhura. Lakini bibi bado anasema maneno yake yalitimia, na mimi sibishani naye, kwa sababu niliyaona yakitimia.

Mwaka jana nilipokwenda kujifungulia kwa mama, nilimwuliza kama siku zile hakuwa na hofu. Alisema aliogopa kila walipotwanga. Nikamwuliza mbona basi aliendelea kumtazama.

"Ningegeuza uso, angeona," alisema, akaendelea kupepeta unga.

Mwanangu amelala hapa mkekani ninapoandika. Namtazama mdomo wake mzima, na sijui kama mimi ningeweza.