Mtu Niliyemfungia Ndani Kwangu

Sogea karibu, ndugu yangu, nikueleze taratibu. Mimi ni karani wa baraza hapa Endasak. Juzi mchana nilirudi nyumbani kula, nikasikia mtu anatembea ndani. Nikavuta mlango, nikaukomea kwa nje, nikakimbilia barazani.

Huko nikafungua kitabu cha sheria cha serikali, ambacho mimi hukishika kwa mikono miwili. Watu wakanizunguka, nami nikawafafanulia kwamba mvunja nyumba ni anayefungua mlango wa mwenzake na kuingia akiwa na nia ya kutenda kosa.

"Mlango ulikuwa umefungwa?" akauliza hakimu wa baraza letu.

"Niliuacha wazi, bwana hakimu."

"Na nia yake?"

"Sikumwuliza."

"Basi geuza kurasa, usome habari za kufungia watu."

Nikasoma kwa sauti: anayemfungia mwenzake bila haki ana kosa. Maneno yaliyoandikwa mbali sana, na watu wasionijua, yalikuwa yameniona mimi na komeo langu.

"Huyo akishitaki," akasema hakimu, "wa kufungwa ni wewe."

Tukaenda wote kufungua. Akatoka mzee mfugaji, amemshika shingo ndama wake aliyekuwa amekimbilia ndani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Ndama ametulia, amekula unga wako. Nani ametufungia?"

Baraza zima likanigeukia.

Nawe ukisikia mtu ndani kwako, piga hodi kwanza, umwulize anatafuta nini.